Kuokoa Sauti Zilizonaswa: Sayansi ya Kuhifadhi Sahani na Kanda za Muziki wa Kale

Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Uganda yalishambulia jumba la Kabaka wa Buganda huko Mengo, Kampala. Kabaka Mutesa II alikimbilia Uingereza, na mwaka uliofuata katiba mpya ilizifuta falme zote za nchi hiyo. Miongoni mwa mambo yaliyovunjika siku zile ni utaratibu wa wanamuziki wa ikulu, ambao kwa vizazi vingi walikuwa wakienda Mengo kwa zamu kumpigia Kabaka. Ala nyingi ziliharibiwa au kutawanyika, na wapigaji waliosalimika wakarudi vijijini. Moja ya ala hizo ilikuwa entenga, seti ya ngoma 15 zilizopigwa na watu 6: ngoma 12 zilitoa sauti za wimbo, na 3 kubwa zikasimamia mdundo. Entenga haikuwa ngoma ya raia. Ilikuwa mali ya ikulu, na ikulu ilipoanguka, nayo ilinyamaza.

Hata hivyo haikupotea kabisa. Katika safari zake za mwaka 1950 na 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika ya Kusini, alikuwa amekwisha kuinasa sauti ya muziki wa ikulu ya Buganda kwa mitambo aliyoibeba ndani ya gari. Zaidi ya miaka 40 baadaye, kampuni ndogo ya sahani huko Uholanzi iliutoa tena muziki huo ukiwa umesafishwa na kuelezwa. Mtu anayetaka leo kujua jinsi muziki huo ulivyosikika kabla ya mwaka 1966 anaweza kuusikia.

Wengi hudhani kwamba sauti ikishanaswa imehifadhiwa. Sivyo. Sauti iliyonaswa imewekwa juu ya kitu, na kitu hicho huzeeka, huvunjika na huoza kama vitu vingine. Kinachoiokoa ni mlolongo wa watu wanaoinakili kwa wakati na kwa usahihi. Makala haya yanaeleza sayansi ya kazi hiyo.

Muziki usiotosha kuandikwa

Yamkini mtu atauliza: kwa nini muziki huo usiandikwe kwa noti, mambo yakaisha? Kwa hakika uliandikwa. Mwaka 1955 Joseph Kyagambiddwa, Mganda, alichapisha kitabu chenye nyimbo nyingi za Buganda katika maandishi ya noti. Kitabu hicho ni hazina. Lakini noti huonyesha kibao gani kipigwe na wakati gani. Hazionyeshi mlio wenyewe.

Tuchukue mfano wa amadinda, marimba yenye vibao 12 inayopigwa na watu 3. Mpigaji wa kwanza hupiga fungu lake kwa mapigo yaliyo sawasawa. Wa pili huingiza mapigo yake katika nafasi zilizoachwa na mwenzake, moja baada ya moja, bila kugongana. Mafungu hayo mawili yakiungana, kasi huwa maradufu. Hapo sikio haliwezi tena kutenganisha kazi ya mtu na mtu. Huzikusanya sauti nene pamoja na sauti nyembamba pamoja, likasikia tungo ambazo hakuna mpigaji hata mmoja anayezipiga. Mpigaji wa tatu, akitumia vibao viwili vya juu kabisa, hurudia zile sauti zinazoangukia vibao viwili vya chini, na hivyo kuudhihirisha wimbo uliojificha. Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria aliyejifunza ala hizi kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu, ndiye aliyelieleza jambo hili kwa upana katika maandishi ya kisayansi. Akadinda, marimba kubwa yenye vibao 22, na entenga nazo hufuata kanuni hiyo hiyo ya kupokezana.

Wimbo wa namna hii huishi katika jinsi vibao vilivyowianishwa, katika uzito wa kila pigo, na katika ule mlio mfupi mkali unaotokea fimbo inapogusa ubao. Mlio huo una mitetemo mingi kwa sekunde. Ukififia, mapigo huchanganyika, na sikio hushindwa kuyapanga. Ndiyo maana ubora wa nakala katika muziki huu ni sehemu ya maana yake.

Sauti ikiwa mfuo, sauti ikiwa sumaku

Sauti ni mtetemo wa hewa. Katika sahani ya santuri, mtetemo huo huendesha ncha kali inayochora mfuo mwembamba juu ya sahani inayozunguka, na mfuo ukayumba kushoto na kulia kwa kadiri ya mtetemo. Sahani inapopigwa, sindano hufuata miyumbo hiyo na kuirudisha kuwa sauti.

Udogo wa miyumbo hiyo unaweza kukisiwa kwa hesabu rahisi. Sahani ya zamani ilizunguka mara 78 kwa dakika, yaani mara 1.3 kwa sekunde. Penye umbali wa sentimita 12 kutoka katikati, mzingo wa mfuo ni kama sentimita 75. Basi mfuo hupita chini ya sindano kwa mwendo wa kama sentimita 98 kwa sekunde. Sauti ya mitetemo 5,000 kwa sekunde itakuwa na mawimbi ya urefu wa milimita 0.2 hivi. Sindano ikifika karibu na katikati, penye umbali wa sentimita 5, mwendo hushuka hadi sentimita 41, na wimbi lile lile hubanwa katika milimita 0.08. Chembe moja ya vumbi au mkwaruzo mdogo hutosha kulivuruga.

Katika ukanda wa sumaku hakuna mfuo. Ukanda ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa oksidi ya chuma ulioshikwa na gundi. Mkondo wa umeme unaotokana na sauti huzipa chembe za unga huo hali ya sumaku, yenye nguvu au hafifu kwa kufuata sauti. Njia hii ilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na iliwafaa sana wanasaji waliosafiri vijijini, kwa kuwa ukanda mmoja ulichukua muda mrefu kuliko dakika tatu au nne za sahani.

Maradhi ya sahani na kanda

Kila kitu kilichotumiwa kubeba sauti kina maradhi yake.

Sahani za biashara za nusu ya kwanza ya karne ya 20, kama zile alizonaswa Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, zilitengenezwa kwa utomvu wa kidudu cha laki uliochanganywa na unga wa mawe. Zikitunzwa vema hudumu miaka mingi, lakini zikianguka huvunjika kama kigae. Tena sindano za chuma za santuri za siku zile zilisaga kuta za mfuo kila zilipopita, hata sahani iliyopendwa sana ndiyo iliyoharibika zaidi.

Sahani za laka ni dhaifu kuliko hizo. Hizi zilichorwa papo hapo mbele ya mwanamuziki, na mara nyingi nakala ilikuwa moja tu. Kwa kawaida ni bamba la alumini lililopakwa selulosi nitrati iliyolainishwa kwa mafuta ya nyonyo. Miaka inavyopita mafuta hujitenga na kutokeza juu kama unga mweupe wa asidi. Laka iliyokosa mafuta husinyaa, lakini alumini iliyo chini yake haisinyai. Matokeo ni nyufa, kisha magamba yanayobanduka. Sahani iliyofikia hapo haiponi.

Kanda nazo zina magonjwa mawili mashuhuri. Kanda za zamani zenye utepe wa selulosi asetati huvunjika kikemia na kutoa asidi ile ile iliyomo katika siki. Harufu yake humwambia mtunzaji kwamba uharibifu umeanza, na asidi inayotoka huuharakisha uharibifu wenyewe. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayofyonza unyevu wa hewa ikawa ulimbo. Ukanda wa namna hiyo hunata kwenye mashine na kubandua unga pamoja na sauti. Wataalamu huupasha joto la kadiri, kiasi cha nyuzi 50 za Selsiasi kwa saa kadhaa, ili unyevu utoke, kisha huunakili kabla haujanata tena. Adui wa kanda zote ni joto na unyevu, na kwa sababu hiyo miji ya pwani yetu ni mahali pagumu pa kuzitunza.

Kazi ya kampuni ndogo

Tracey alianza kunasa sauti mwaka 1929. Katika miongo iliyofuata alizunguka nchi nyingi za Afrika ya Kusini, ya Kati na ya Mashariki, na mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Roodepoort, karibu na Johannesburg. Kutokana na kazi hiyo zilitolewa sahani 210 katika mfululizo ulioitwa Sound of Africa. Alifariki mwaka 1977, na mwaka uliofuata maktaba ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes katika mji wa Grahamstown, ambao siku hizi huitwa Makhanda.

Maktaba hutunza, lakini si rahisi mwanafunzi wa Masaka au Moshi kuifikia. Kampuni kubwa za muziki nazo hutazama mauzo, na ngoma za ikulu ya mwaka 1952 haziwezi kushindana na muziki wa dansi wa wakati huu. Nafasi hiyo ndiyo inayojazwa na kampuni ndogo zinazojitegemea. Kampuni ya SWP ya Utrecht, Uholanzi, iliyoanzishwa na mpiga ngoma Michael Baird, mzaliwa wa Lusaka, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kutoa mfululizo wa sahani za sidii zilizoteuliwa kutoka katika kazi ya Tracey. Zilifika zaidi ya 20. Mojawapo ni ya muziki wa ikulu za Uganda wa mwaka 1950 na 1952. Nyingine ni ya ngoma za Mwami wa Rwanda za mwaka 1952, miaka michache kabla ya ufalme huo nao kuondolewa. Nyingine ni za Tanganyika ya mwaka 1950. Huko Marekani, kampuni ya Dust-to-Digital ya Atlanta ilitoa mwaka 2011 mkusanyo wa nyimbo 100 zilizotoka katika sahani za kale za pande zote za Afrika, na mwaka 2018 ikatoa mkusanyo mwingine wa kazi ya Tracey katika Afrika ya Mashariki na ya Kati.

Watu wa kampuni hizi hufanya kazi tano: kutafuta nakala iliyo bora kabisa, kuisomesha kwa mashine inayofaa, kusahihisha mwendo, kupunguza kelele, na kuandika kijitabu cha maelezo. Mbili kati ya hizo zastahili kuelezwa zaidi.

Mwendo sahihi

Sahani ikipigwa kwa kasi isiyo yake, muziki wote hubadilika. Tuseme sahani ilinaswa kwa mizunguko 78 kwa dakika, nayo inapigwa kwa mizunguko 80. Sauti ya mitetemo 440 itasikika kama mitetemo 451, na wimbo wa dakika tatu utakwisha sekunde nne na nusu kabla ya wakati wake. Wataalamu hugawa oktava moja katika sehemu 1,200 ziitwazo senti. Kosa hili ni la senti 44, karibu robo ya toni. Mwimbaji atasikika kijana kuliko alivyokuwa, na mpigaji hodari kuliko alivyokuwa.

Vijijini hatari hiyo ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa umeme ulitoka katika jenereta. Mota ikitegemea mapigo ya umeme, jenereta ikizembea kidogo mota nayo huzembea, na sauti iliyonaswa kwa kasi ndogo hupanda ikija kupigwa kwa kasi kamili.

Kosa jingine hutokana na tundu la sahani lisilo katikati barabara. Tundu likikosea kwa milimita 1 tu, mfuo ulio umbali wa milimita 100 hukaribia na kuondoka sindanoni, na mwendo hupanda na kushuka kwa asilimia 1, yaani senti 17 juu na senti 17 chini, mara 1.3 katika kila sekunde. Kosa la kasi iliyo thabiti huhamisha sauti zote kwa uwiano mmoja, na nafasi baina yake hubaki vile vile. Kosa la tundu huzivuruga nafasi zenyewe. Kwa mizani ya Kiganda, inayoigawa oktava katika hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa, yaani kama senti 240 kila moja, vurugu hiyo humpotosha anayetaka kuipima.

Msahihishaji atajuaje basi mwendo wa kweli? Hapa yaonekana faida ya mnasaji makini. Tracey alichukua safarini seti ya uma za sauti, vyombo vya chuma vinavyotoa mitetemo inayojulikana, akazilinganisha na vibao na nyuzi za ala alizozinasa, akaandika idadi ya mitetemo katika kadi. Tarakimu kama hizo, zikiwapo, humpa msahihishaji ushahidi ulio nje ya sahani yenyewe. Kadi ya karatasi inaweza kuirekebisha mashine nusu karne baadaye.

Kusafisha bila kufuta

Hatua ya kwanza ya kusafisha hufanywa kabla ya kompyuta kuguswa. Sahani huoshwa, kisha hujaribiwa sindano za ncha za ukubwa mbalimbali, ili ipatikane ile inayogusa sehemu ya ukuta wa mfuo ambayo sindano za kale hazikuisaga. Kadhalika, wanasaji wa zamani walipunguza sauti nene na kuongeza sauti nyembamba wakati wa kunasa, na kila kampuni ilikuwa na kipimo chake mpaka kipimo kimoja kilipoanza kufuatwa mwaka 1954. Asiyekijua kipimo kilichotumika atarudisha sauti isiyo na uwiano.

Kisha sauti hugeuzwa kuwa tarakimu. Sahani ya sidii huchukua vipimo 44,100 katika kila sekunde, kila kimoja kikiwa na tarakimu 16 za kompyuta. Kwa kuhifadhi, maktaba nyingi huchukua vipimo 96,000 vyenye tarakimu 24. Kwa kiasi hicho dakika moja ya sauti ya mkondo mmoja huhitaji kama megabaiti 17.

Ndipo huja majaribu. Programu za kompyuta zinaweza kutambua mlio wa ghafla wa mkwaruzo na kuuziba kwa kukisia umbo la wimbi lililokuwapo. Zinaweza pia kupima mchakacho wa daima na kuutoa. Lakini pigo la fimbo juu ya kibao nalo ni mlio wa ghafla, na ukali wake umo katika mitetemo ile ile inayojaa mchakacho. Mashine haijui tofauti ya mkwaruzo na pigo la akadinda. Sikio lililofundishwa ndilo linalojua. Kwa hiyo kanuni ya kazi hii ni kwamba nakala ya kwanza hubaki bila kuguswa, pamoja na mchakacho wake wote, na marekebisho hufanywa katika nakala nyingine. Kizazi kijacho kitakuwa na vyombo bora zaidi, nacho kitataka kuanza upya.

Kuhifadhi na kurudisha

Yafaa ikumbukwe kwamba sahani inayouzwa dukani si hifadhi kamili. Kampuni ndogo hutoa nakala chache, nazo zikiisha huenda zisitolewe tena. Hata faili la kompyuta lisiponakiliwa hufa pamoja na chombo kililomo. Usalama umo katika nakala nyingi zilizowekwa mahali mbalimbali, pamoja na maelezo yake.

Liko na suala la haki. Kwa miongo mingi Mganda aliyetaka kusikia ngoma za ikulu yake alilazimika kuzitafuta katika nchi iliyokuwa chini ya ubaguzi wa rangi, au katika maktaba chache za mbali, au kuagiza sahani Ulaya. Sauti ilikuwa imeokolewa, lakini wenyewe hawakuwa nayo. Siku hizi jambo hilo limeanza kurekebishwa. Mnamo mwaka 2014 na 2015, maktaba ya Grahamstown, kwa kushirikiana na mradi wa Singing Wells unaofanya kazi na kampuni ya Ketebul Music ya Nairobi, ilirudisha kwa jamii za Kenya nakala za nyimbo alizozinasa Tracey. Miongoni mwa Wakipsigis walipatikana wazee walioimba mbele ya kinasa sauti mwaka 1950 wakiwa vijana. Falme za Uganda zilirudishwa mwaka 1993, na katika miaka ya 2010 wasanii na walimu wa nchi hiyo walianza kuifufua entenga kwa msaada wa mpigaji mzee aliyekuwa bado hai. Mzee ana mkono na kumbukumbu. Kunaswa kwa sauti kuna mlio wa seti nzima ikiwa kamili. Kila upande unahitaji mwenzake.

Shule nazo zina sehemu yao. Katika makabati mengi ya shule, vyuo na misikiti, na katika masanduku ya wazee, zimo kanda za miaka ya 1970 na 1980 zenye kwaya, ngoma, kaswida na hotuba ambazo hazina nakala popote. Mwalimu anayezikuta asiharakishe kuzipiga, maana ukanda mbovu unaweza kuharibika kwa kupigwa mara moja. Na aziweke mahali pakavu penye baridi, zikiwa zimesimama wima, mbali na jua na vipaza sauti vyenye sumaku. Na aandike juu ya kila moja ni nani waliosikika, wapi na mwaka gani, maadamu wapo watu wanaokumbuka. Kisha atafute chuo au kituo cha nyaraka chenye mashine nzuri ya kunakili. Wanafunzi wa fizikia wanaweza kupima mwendo, wa kemia wakaeleza ile harufu ya siki, na wa historia wakawahoji wazee. Kazi ya kuandika majina ndiyo ianze, kwa kuwa mashine inaweza kungoja mwaka mmoja au miwili, lakini mzee anayewajua waimbaji huenda asingoje.